Chupa Haikumtungia Dylan Thomas

Wajukuu zangu watunzi,

Juzi kwenye usiku wenu wa mashairi, kijana mmoja alipanda jukwaani akiyumba, akamtaja mshairi Dylan Thomas wa Wales, akainua chupa na kusema bila hiyo hakuna ushairi. Mkampigia makofi. Sikulala kwa hasira.

Mnamjua kweli? Alizaliwa Swansea mwaka 1914, baba yake mwalimu wa Kiingereza. Kabla ya kutimiza miaka 20 alikwisha kujaza madaftari ya mashairi, na humo ndimo yalimochimbuka mengi yaliyompa jina. Diwani yake ya kwanza ilitoka 1934. John Malcolm Brinnin, aliyempangia ziara zake za Marekani, ameeleza kwamba alionyeshwa miswada zaidi ya 200 ya shairi moja tu, "Fern Hill". Mia mbili! Ninyi mnaandika mchana kwenye simu, jioni mko jukwaani, na mtu akiuliza kwa nini ubeti wa tatu umepwaya, mnamjibu kwamba hizo ni hisia.

Nanyi mnaoita vina na mizani pingu, lisomeni shairi lile alilomtungia baba yake aliyekuwa akififia, "Do not go gentle into that good night": mistari 19, vina viwili tu, mistari miwili ikirejea kama kibwagizo. Uchungu wote wa mtoto umekaa ndani ya kanuni ngumu namna hiyo. Shairi huru silichukii, wanangu. Nachukia uvivu unaojificha nyuma yake.

Someni kwa sauti. Tunzeni madaftari. Msikimbie madeni, maana yeye kodi ya serikali ilimwandama.

Alifia New York Novemba 1953, ana miaka 39, akaacha mjane na watoto watatu. Mnasimulia glasi 18 za wiski anazodaiwa kunywa kabla ya kufa kama ushujaa wa vitani, wala hamtaji nimonia aliyokuwa nayo, wala mofini, dawa kali ya maumivu, aliyochomwa na daktari. BBC ilirusha mchezo wake wa redio, "Under Milk Wood", Januari 1954. Yeye alikwisha kuzikwa.

Na sisi wasikilizaji tunayo dhambi yetu. Msanii tunamnunulia bia upesi, ujira wake tunauzungusha miezi. Akifa tunachangishana ya jeneza na kumwita hazina ya taifa. Waandaaji, usiku ujao wekeni chai mezani, na kila mtunzi aondoke na fedha yake mkononi.

Babu yenu