Malalamiko Kuhusu Taa ya LED ya Tangi la Matumbawe, na Jibu Nililopewa Kaunta

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Mombasa.

KUH: TAA ILIYOFUNGWA KINYUME CHA ODA, MATUMBAWE YALIYOKUFA, NA DHARAU YA WAFANYAKAZI WENU

Bwana Meneja,

Nakuandikia kwa heshima, na heshima hiyo leo naishikilia kwa nguvu. Masharti yenu ya dhamana mnayajua, sitayanakili hapa.

Hati ya oda yenye muhuri wenu inasema hivi: taa moja ya tangi la sentimita 120 kwa 60 kwa 60, LED 48 katika mistari minne, kila mstari LED 12. Miwili ya buluu ya nanomita 450, mmoja wa buluu ya 470 uliochanganywa na zambarau ya 420, na mmoja mweupe wa kelvini 6500. Draiva nne aina ya LDD-1000H, yaani vifaa vinavyoshikilia mkondo wa umeme wa kila mstari, na pawasaplai ya volti 48 na wati 240. Mpangilio huo una sababu. Mwani unaoishi ndani ya tumbawe hunyonya zaidi mwanga wa buluu na zambarau, kwa hiyo mweupe ni wa kusaidia na wa kupendeza macho, si wa kutawala.

Mlichofunga si hicho. Mstari mweupe ulikuja na LED 14, na fundi akasema mbili hizo ni bonasi. Bonasi gani, Bwana Meneja? LED moja kwenye ampea 1 hula kama volti 3.4. LED 12 ni volti 40.8, na pawasaplai ya 48 inatosha, kwa kuwa draiva hiyo hushusha volti tu, haipandishi, na huhitaji volti 3 hadi 4 za akiba juu ya zile za mstari. LED 14 ni volti 47.6. Akiba iliyobaki ni volti 0.4. Draiva ikikosa nafasi haiwezi kushika mkondo wake: mwanga hufifia, hupepesa, na ukipandisha kidhibiti kupita kiwango fulani hakuna kinachobadilika. Ndivyo ilivyokuwa tangu mlipoiwasha, na simu zangu mnazo kwenye kumbukumbu zenu.

Lakini sikuandika barua hii kwa sababu ya LED mbili. Naandika kwa sababu ya yaliyotokea kaunta kwenu. Nilileta vipimo vya mwanga vilivyochapishwa, nikaleta na mifupa ya tumbawe aina ya Euphyllia ndani ya kibakuli. Mfanyakazi wenu hakuzigusa karatasi. Alilichukua tumbawe, akaligonga juu ya kaunta, ko, ko, akaniambia mbele ya wateja: "Mama, hili ni jiwe. Jiwe halifi." Watu wakacheka.

Sasa nieleze jinsi lilivyofikia kuwa jiwe.

Fundi wenu alirudi kushughulikia ule mstari mweupe. Badala ya kuondoa LED mbili zilizozidi, alichukua bisibisi akapandisha volti za pawasaplai. Kisha, ili aone kama mwanga wote unatoka, akachomoa kiunganishi cha waya wa PWM, ule unaopeleka amri ya kupunguza mwanga kwenye draiva zote nne. Akaridhika, akafunga kifuniko, akaondoka. Kiunganishi hakukirudisha.

Yeyote anayeuza draiva za LDD anapaswa kujua kwamba waya huo ukiachwa wazi draiva haizimi. Huwaka kwa nguvu zote, asilimia 100, na kidhibiti huendelea kuonyesha asilimia 45 kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwenye 45, matumbawe ya Acropora juu ya mwamba yalikuwa yakipata PAR, yaani mwanga ambao mwani huweza kuutumia, ya mikromoli 250 kwa mita ya mraba kwa sekunde, na Euphyllia chini mchangani 90, viwango vinavyoyafaa. Baada ya fundi wenu kuondoka, mita ilisoma 550 juu na 200 chini. Mwanga uliongezeka zaidi ya mara mbili kwa siku moja, wakati kila mwenye tangi anajua kwamba taa mpya huanzishwa kwenye asilimia 20 au 30 na kupandishwa kama asilimia 5 kwa juma, huku rangi ya matumbawe ikiangaliwa.

Tumbawe ni mnyama. Mwani ulio ndani ya nyama yake humlisha sehemu kubwa ya chakula chake. Mwanga ukizidi ghafla, mwani huo hushindwa kuutumia wote, hutoa kemikali za oksijeni zinazounguza seli, na tumbawe huutema. Hapo hupauka. Acropora zilianza kuwa nyeupe nchani, Euphyllia zikajikunja, kisha nyama ikabanduka kwenye mifupa. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, miamba ya pwani yetu hii ilipauka, na wavuvi waliona. Kuuza vifaa vya matumbawe Mombasa na kusema kwamba hayafi ni jambo ambalo sikulitarajia kusikia. Kwamba Fort Jesus imejengwa kwa mawe ya matumbawe hakulifanyi tumbawe lililo hai kuwa jiwe la ujenzi.

Na matumbawe haya hayakuokotwa ufukweni. Yalioteshwa kwenye matangi na kuingizwa nchini kwa kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Huwezi kwenda sokoni asubuhi ukanunua mengine.

Narudi kaunta, kwa sababu sijamaliza. Mfanyakazi alipoligonga lile tumbawe, msimamizi wake alikuwa amesimama nyuma yake. Namaanisha msimamizi, mwenye kitambulisho shingoni. Nilimtazama nikitegemea atamkanya. Alitabasamu. Nikasema, "Kijana, hiki kilikuwa hai, na fundi wenu ndiye aliyechomoa waya." Mfanyakazi akaligonga tena, kwa nguvu zaidi, tawi moja likavunjika likaanguka sakafuni, naye akarudia, "Jiwe halifi, Mama." Kisha msimamizi akazisukuma karatasi zangu kwa kidole kimoja, hakuzisoma, akasema dhamana haihusu uharibifu wa maji ya chumvi.

Maji ya chumvi! Mmeuza taa ya tangi la bahari. Ilitakiwa kuja na bodi zilizopakwa ulinzi wa chumvi na kioo cha akriliki chini ya lenzi, kwa kuwa mvuke na marasharasha havikwepeki hata taa ikining'inizwa sentimita 25 juu ya maji. Wala hapakuwa na kutu popote. Kilichoua ni waya uliochomolewa, na picha nilizopiga kabla ya kugusa chochote zinauonyesha ukining'inia.

Nilipokuja kaunta nilitaka jambo moja dogo: mstari mweupe urudishwe kwenye LED 12, na volti zirudishwe 48. Siku ile lingewagharimu nusu saa ya fundi. Sasa nataka haya.

Nirudishiwe pesa zote za taa na za ufungaji. Nilipwe thamani ya matumbawe yaliyokufa kwa bei ya risiti, pamoja na gharama za kibali. Niombwe radhi kwa maandishi, na barua hiyo itiwe sahihi na yule msimamizi mwenyewe, si na katibu.

Tena nataka kila taa ya aina hii mliyowafungia wateja wengine ikaguliwe. Kwenye kila draiva wekeni rezista ya kiloomu 10 kati ya waya wa PWM na graundi, upande wa draiva, si upande wa kidhibiti, ili kiunganishi kikitoka taa izime. Kisha chomoeni waya mhakikishe kwa macho. Tumieni viunganishi vyenye kufuli. Hesabuni LED za kila mstari kabla ya kuwasha. Wateja hao hawajui kwamba usalama wa matangi yao unategemea waya mmoja usio na kinga.

Nawapa siku kumi na nne tangu barua hii ipokelewe. Zikipita, nitapeleka madai yangu Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza kesi zisizozidi shilingi milioni moja, na madai haya yanaenea humo. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili, na fidia kwa hasara. Nitaandika pia kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Na fundi wenu asitumwe tena kwangu kwa jambo lolote. Taa nitaifungua mwenyewe na kuileta, na safari hii nitazungumza nawe, Bwana Meneja, si na kaunta.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu, Mombasa

Viambatisho: nakala ya oda na risiti, vipimo vya PAR kabla na baada, picha za kiunganishi kilichochomolewa, nakala ya kibali cha CITES.