Shukrani kwa kijana wa Maktaba ya McMillan

Kijana uliyeketi nasi Jumamosi pale Maktaba ya McMillan, popote ulipo, asante sana. Binti yangu anajiandaa kwa SAT, mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vikuu vya Marekani, na maswali ya "kubwa kuliko" na "ndogo kuliko" yenye vipeo vya pili (namba ikizidishwa kwa yenyewe) yalikuwa yakimtoa jasho. Aliulizwa: namba kamili zipi kipeo chake cha pili kinazidi 20 lakini hakifiki 50? Akaandika 5, 6, 7. Ukachora mstari wa namba, ukaweka penseli kushoto kwa sifuri, ukamuuliza, "Na huku je?" Kisha ukanyamaza, ukangoja. Hapo ndipo nilipokupenda. Akaongeza hasi 5, hasi 6, hasi 7 mwenyewe, maana hasi mara hasi ni chanya: majibu sita! Uliondoka kabla sijakuuliza jina. Mungu akuzidishie, mwanangu.