Alijuaje? Barua ya wazi kwa wanangu wa Lamu mnaosoma saikolojia ya utambuzi

Assalamu alaykum wanangu.

Nawaandikia nikiwa na uchungu, na sitaki kuuficha. Likizo hii mlikuja kwangu kundi zima, mkaniomba niwasikilize somo la saikolojia ya utambuzi, elimu ya jinsi akili inavyoona, inavyokumbuka na inavyoamua, kabla hamjarudi chuo kikuu kufanya mtihani wa marudio. Nikamuuliza wa kwanza, George Miller, yule mwanasaikolojia wa Marekani, alisema nini? Akanijibu swali halijatua: kumbukumbu ya muda mfupi hubeba vitu saba, ongeza au punguza viwili, mwaka 1956. Vyema. Nikamuuliza, alijuaje? Kimya. Na hicho kitu kimoja ni nini, herufi, neno au sentensi? Kimya tena, na mwenzake akainamia simu mapajani. Nikawazunguka nyote. Majina mnayo, miaka mnayo, lakini hakuna aliyeweza kunisimulia jaribio moja toka mwanzo hadi mwisho: nani aliketishwa, akaonyeshwa nini, akaulizwa nini, na majibu yangekuwaje lau nadharia ile ingekuwa si kweli.

Wanangu, somo lote liko katika hilo "alijuaje". Akili haishikiki wala haionekani. Watafiti huipima kwa yale yanayotoka nje: muda anaochelewa mtu kujibu, makosa anayofanya, maneno anayosahau. Mkiyaacha majaribio mnabaki na maoni ya watu, na maoni hayahitaji karo ya miaka minne.

Huyo Miller mliyemkariri alikusanya majaribio ya wenzake, na jambo kubwa aliloliona ni kwamba hesabu haiendi kwa herufi wala tarakimu, inakwenda kwa mafungu. Alieleza habari za Sidney Smith, aliyejizoeza kuzigeuza 0 na 1 kuwa mafungu mpaka akaweza kurudia tarakimu kama 40 baada ya kuzisikia. Nambari ya simu ya mama yako huikumbuki tarakimu moja moja, unaikata mafungu mafungu. Tena saba yenyewe ina wapinzani. Mwaka 2001 Nelson Cowan aliandika kwamba mtu akizuiwa kupanga mafungu na kujirudia kimoyomoyo, anabaki na vitu kama vinne. Mliniimbia saba kama aya, na kumbe mjadala uko wazi.

Sasa niseme linaloniuma zaidi, nalo ni namna mnavyosoma. Mmenionyesha noti zenu: za mwaka jana, zimepigwa picha, zimezunguka kundi hadi kundi la WhatsApp mpaka maandishi yamefifia, kila mstari umepakwa rangi ya manjano. Usiku wa kuamkia mtihani mnazipitia mara tatu, mara nne, na kila mnapozipitia mnahisi mmeelewa zaidi. Macho yamezoea ukurasa tu. Na ugonjwa huu umeelezwa ndani ya kozi hiyohiyo mliyoanguka!

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma katika vipindi vyote vinne. Kundi jingine lilikisoma katika kipindi cha kwanza pekee, halafu vipindi vitatu vilivyobaki likafunika karatasi na kuandika lilichokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza: asilimia 83 kwa 71. Wangeishia hapo, mngesema mko sahihi. Lakini wiki moja baadaye waliorudia kusoma walikuwa wamebaki na asilimia 40, na wale waliojitahini asilimia 61. Tena waliorudia kusoma ndio waliokuwa na imani zaidi kwamba watakumbuka. Soma tena sentensi hiyo, mwanangu, kisha ujitafute ndani yake.

Na Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, alichapisha mwaka 1885 kwamba usahaulifu huenda kasi mwanzoni kisha hupunguza mwendo, na kwamba marudio yaliyotawanywa siku mbalimbali hushinda marudio yaliyorundikwa pamoja. Zaidi ya miaka 130 imepita, na nyinyi bado mnarundika usiku mmoja.

Linalonishangaza ni kwamba mlilelewa na kanuni hii. Mwalimu wa chuo cha Qur'ani hapa Langoni hakukuuliza umeisoma sura mara ngapi. Alifunga msahafu akasema, "Soma." Ukikwama, alikurudisha. Kesho yake ulisikilizwa tena, na juzuu za nyuma hukuachiwa zilale, ulizidurusu. Miongoni mwenu wamo waliohifadhi Qur'ani nzima kabla ya kubaleghe. Mtoto huyohuyo akifika chuo kikuu anakaa mbele ya slaidi akizitazama zipite, anaita kutazama huko kusoma. Nani aliwaambia kwamba elimu ya chuo kikuu haitaki bidii ile?

Ila msinielewe vibaya. Kuhifadhi lafudhi ni kazi moja, kueleza jaribio ni kazi nyingine. Kinachofaa kuhamishwa ni kule kufunga kitabu na kurudi siku nyingine. Chukua karatasi tupu. Andika, bila kuchungulia, swali la mtafiti, alichofanya, alichopata, na hoja moja ya mtu anayempinga. Kisha fungua kitabu usahihishe kwa kalamu nyekundu. Rudia kesho, rudia baada ya siku tatu, rudia baada ya wiki. Karatasi ya kwanza itakutia aibu. Vumilia, maana ugumu ule ndio unaofanya kazi.

Halafu muguka, yale majani ya jamii ya miraa. Najua mnautafuna usiku wa mtihani ili msilale, na najua mnakonunua. Mwaka 1924 Jenkins na Dallenbach waliwafundisha wanafunzi wawili silabi, wakawapima baada ya saa kadhaa za usingizi au za kuwa macho. Walipolala walisahau kidogo kuliko walipokuwa macho. Usingizi ni sehemu ya kusoma kwenu, na mnauuza kwa shilingi chache. Lakini hapa lawama si zenu peke yenu. Wazee wenzangu, tunaona watoto wa watu wanakaa vibarazani mpaka alfajiri mashavu yamevimba, tunapita tukiwaamkia. Anayeuza tunamjua, ni jirani yetu, swafu ya mbele tunasimama naye. Shuleni nako tunampa sifa mtoto anayerudisha maneno ya mwalimu neno kwa neno, na anayeuliza "umejuaje?" tunamwita mjeuri. Tumewalea miaka kumi na kitu hivyo, kisha tunawashangaa chuo kikuu. Na kuna wazazi wanaomwambia binti yao kwamba saikolojia ni somo la wendawazimu, halitampa kazi. Bwana mzazi, mwanao anasoma jinsi binadamu anavyoona, anavyokumbuka na anavyoamua. Daktari, mwalimu, hakimu na nahodha wote wanalihitaji hilo.

Chukueni mfano wa ushahidi. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu ya magari yaliyogongana. Wiki moja baadaye wakawauliza kama waliona vioo vilivyovunjika, na vioo havikuwamo. Katika watu 50 walioulizwa mwanzoni kwamba magari "yalipopondana" yalikuwa na kasi gani, 16 walisema waliviona. Katika 50 walioulizwa "yalipogongana", ni 7. Neno moja ndani ya swali lilitosha. Sasa kumbukeni kitu kinapoibwa mtaani kwetu: watu wazima kumi wanamzunguka mtoto wa jirani, "Ulimwona fulani akikimbia, sivyo? Alibeba mfuko, sivyo?" Mtoto anaitikia, na kufikia magharibi anauona mfuko kwa macho yake. Nyinyi mnaolijua hili mnyamaze kwa heshima ya wakubwa? La. Semeni kwa adabu, "Ami, muulizeni aliona nini, kisha mwacheni aseme." Hapo elimu yenu itakuwa imefika nyumbani.

Mengine nayataja tu. Takwimu msizikimbie. Kwa kila mada someni makala moja ya asili, kwani nyingi zinapatikana bure. Jaribio la Stroop la mwaka 1935, la kutaja rangi ya wino wa neno ambalo lenyewe ni jina la rangi nyingine, mnaweza kulifanya alasiri moja na binamu zenu kwa karatasi, kalamu za rangi na saa ya simu. Simu ikishamaliza kazi ya saa, ikae chumba kingine. Someni wawili wawili, mmoja akiuliza, mwingine akijibu bila noti.

Na jifunzeni kutilia shaka hata kilichopigwa chapa. Mwaka 1975 Godden na Baddeley waliwafundisha wapiga mbizi wa Scotland maneno, mara chini ya maji, mara nchi kavu, na wakakuta mtu hukumbuka vizuri zaidi palepale alipojifunzia. Jaribio zuri, limo katika kila kitabu cha mwaka wa kwanza. Mwaka 2021 Jaap Murre alichapisha marudio yake, na matokeo yale hayakujitokeza. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilitoa matokeo ya kurudia majaribio 100 ya saikolojia, na takriban asilimia 36 tu ndiyo yaliyofaulu tena kwa kipimo cha takwimu. Msikate tamaa kwa hilo. Sayansi inayojikagua hadharani ndiyo ya kuaminiwa.

Kisha tazameni waliopimwa ni nani. Mwaka 1966 Segall, Campbell na Herskovits walionyesha kwamba mistari ya Müller-Lyer, miwili iliyo sawa ambayo vishale vya ncha zake huifanya ionekane mmoja mrefu kuliko mwingine, iliwadanganya watu wa Evanston, Marekani, kuliko watu wa jamii nyingi za Afrika. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake wakaandika wazi kwamba saikolojia imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya wanafunzi wa nchi tajiri za Magharibi, nao hawawezi kusimama badala ya binadamu wote. Mwaka wa nne mtatakiwa kufanya utafiti. Msichukue dodoso la mtu mkabadilisha jina la mji. Wajomba zenu wa Kizingitini na Faza wanazamia kamba. Waombeni ruhusa, wahakikishieni usalama, mrudie kazi ya Godden na Baddeley kwa maneno ya Kiswahili. Au nendeni kwa manahodha wa Matondoni mkawaulize wanavyoijua njia usiku. Mkiandika rasimu, nileteeni niisome, na ukurasa wa kwanza nitakaoufungua ni ule wa mbinu.

Wenu katika mapenzi,
Mwalimu mstaafu, Mkomani, Lamu