Barua kwa mwanangu: rimu zako mbili zenye ufa

Mwanangu mpendwa,

Picha zako zilinifikia jana usiku, na asubuhi hii nimezitazama tena nikizikuza mpaka nikaona kila ufa ulipoanzia. Umeniuliza jambo moja tu, nalo ni kama umkubalie fundi azichomelee rimu zote mbili au utafute nyingine. Ningeweza kukujibu kwa simu, lakini nimefundisha uchomeleaji kwa miaka mingi na nimejifunza kwamba mtu akikatazwa bila kuelezwa sababu hulishika katazo hilo mpaka siku atakapopungukiwa na fedha. Ndiyo maana nimeona nikuandikie.

Nianze na ile ya mbele kulia, yenye ufa mwembamba kama unywele kwenye shina la mkono mmoja, karibu na tundu la nati. Hiyo haina mjadala. Mikono hiyo ndiyo inayoubeba uzito wa gari kati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, na duara la nje, na ndiyo inayopokea nguvu yote ya breki na ya kukata kona. Ufa wa mahali hapo ukikomaa, tairi haliishiwi upepo taratibu ukapata nafasi ya kuegesha, bali rimu yenyewe huvunjika gari likiwa kwenye mwendo. Ivue leo hii na ufunge lile tairi jembamba la akiba, ukikumbuka kwamba matairi ya aina hiyo hayapaswi kupita kilomita 80 kwa saa. Hakuna fundi, hata awe na mkono mzuri namna gani, ambaye ningemruhusu aichomelee sehemu hiyo.

Ile ya nyuma kushoto inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu hapo ndipo mafundi wenye akili zao hutofautiana. Ufa wake uko kwenye ukingo wa ndani, upande unaotazama chini ya gari, na urefu wake ni kama pingili moja ya kidole. Uliniambia kwamba tairi hilo lilikuwa likipungua upepo kila baada ya siku tatu, kwamba mtu wa pancha hakuona msumari wowote, na kwamba mwishowe akatia tyubu na tatizo likaisha. Mwanangu, tyubu ile ilizuia upepo tu, haikuuziba ufa. Kupungua kwa upepo ndiyo dalili pekee uliyokuwa nayo, nayo ikanyamazishwa huku ufa ukiendelea kurefuka mahali usipoweza kupaona bila kulala chini ya gari.

Sasa nikueleze tabia ya chuma hiki, maana uamuzi wangu wote unatokana nayo. Rimu zako ni za aluminiamu iliyochanganywa na silikoni kiasi cha asilimia 7 hivi na magnesi kidogo, kisha ikamiminwa kwenye umbo. Ikitoka hapo bado ni laini, kwa hiyo kiwandani huipasha joto la karibu nyuzi 540, huipoza ghafla majini, halafu huirudisha kwenye tanuru la joto dogo kwa saa kadhaa mpaka ipate ugumu wake. Ugumu huo ndio uliokuwa ukikulinda. Fundi anapochomelea, hulazimika kuyeyusha chuma mahali pa ufa, na aluminiamu safi huyeyuka kwenye nyuzi 660. Ina maana kwamba eneo linalouzunguka mshono hupata joto la kutosha kuupoteza ugumu ule, na halirudi kuwa kama lilivyokuwa kwa kupoa tu. Ili lirudi, rimu nzima ingebidi ipitishwe tena kwenye tanuru kwa vipimo, na huko ingeweza kupinda isifae kufungwa tairi. Mafundi wetu wa barabarani hawana tanuru hilo, nami sikuwa nalo.

Nilikuwa na mashine nzuri, gesi ya argoni na waya sahihi, nilipoichomelea rimu ya mjomba wako. Nilisafisha utando wa oksidi, ambao huyeyuka kwenye joto linalopita nyuzi 2,000 na ndio huwashinda wengi, nikatoboa kitundu kila mwisho wa ufa ili usiendelee, nikauchonga mfereji pande zote mbili na kuujaza. Ulikuwa mshono ambao ningewaonyesha wanafunzi wangu. Miezi michache baadaye upepo ulianza kupungua tena, na tulipoivua rimu tulikuta ufa mpya umepita pembeni mwa mshono, sambamba nao, kwenye chuma kile kilicholainishwa na joto langu mwenyewe. Mshono haukuwa na kasoro yoyote. Tangu siku hiyo sijawahi kumchomelea mtu rimu kwa ajili ya safari ndefu.

Nawe safari yako ni ndefu. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa Iringa ni takriban kilomita 500, na tairi lako huzunguka mara moja katika kila mita 2 pungufu kidogo, kwa hiyo katika safari moja ya kuja kunisalimia ufa huo utabanwa na kuachiwa zaidi ya mara 250,000. Feleji, yaani stili, ina kiwango cha mkazo ambacho chini yake inaweza kuvumilia karibu bila mwisho, lakini aluminiamu haina kiwango hicho. Kila mzunguko una mchango wake. Ongeza matuta yale ya ndani ya hifadhi ya Mikumi, kisha mlima wa Kitonga, ambako utakuwa na malori mbele na nyuma na korongo ubavuni. Iwapo ungelitumia gari hilo kwenda sokoni na kurudi tu, ningesema mshono mzuri wa ukingo wa ndani unaweza kukuvusha mpaka upate fedha. Kwa barabara hiyo, hapana. Badilisha zote mbili.

Ila kabla hujanunua, tafakari kilichozipasua. Gari lako lilikuja na rimu za inchi 15 na matairi ya 185/65, ambayo unene wa ubavu wake ni kama milimita 120. Wewe ukaweka za inchi 17 zenye matairi ya 205/45, na ubavu ukabaki milimita 92. Najua zilikupendeza, na siku uliponitumia picha yake nilifurahi pamoja nawe. Lakini milimita 28 za mpira ulizoziondoa ndizo zilizokuwa zikilipokea shimo kabla halijaifikia rimu, hasa upepo unapokuwa pungufu. Ukinunua mbili za inchi 17 kufidia hizi, barabara itazipasua nazo. Rudi kwenye inchi 15, zote nne. Hata zikiwa za feleji sitasikitika: ni nzito kidogo na hazina sura, lakini zikigonga shimo mara nyingi hupinda badala ya kupasuka, na mpindo mdogo wa ukingo hunyoosheka.

Ukienda eneo la Gerezani hapo Dar es Salaam kutafuta rimu zilizotumika, nenda asubuhi, tena na fundi asiye rafiki wa muuzaji. Beba mafuta ya taa, kitambaa na chaki nyeupe. Baada ya kuosha rimu na kuikausha, paka mafuta ya taa kwenye ukingo wa ndani na kwenye mashina ya mikono, subiri dakika kumi, futa mpaka pakauke kabisa, kisha paka chaki iliyosagwa. Penye ufa, mafuta yaliyojificha yatapanda na kuchora mstari juu ya chaki. Rangi nene hulifanya jaribio hili lisionyeshe kitu, kwa hiyo usinunue rimu iliyopakwa rangi mpya upande wa ndani, maana hakuna apendezeshaye mahali pasipoonekana bila sababu. Pitisha kidole pia kutafuta alama za jiwe la kusagia. Kama ni za aluminiamu, tafuta herufi JWL zilizochorwa kwenye chuma, ambazo ni alama ya kiwango cha Japani. Kwa gari lako, matundu ya nati yawe manne kwenye duara la milimita 100, na tundu la katikati liwe milimita 54.1 ili likae sawasawa kwenye habu. Nati nazo ziangaliwe: zenye mdomo wa koni haziwezi kukaa kwenye rimu iliyotengenezwa kwa nati za washa bapa, hata kama zinaingia. Wazikaze kwa spana ya kipimo, nyutoni-mita 103, wafanye balansi, kisha uzikaze tena baada ya kilomita 100 hivi.

Rimu mbili zilizopasuka usimwachie fundi, wala usimuuzie mnunuzi wa vyuma chakavu zikiwa nzima, kwa sababu najua zitakakokwenda: zitachomelewa, zitapakwa rangi, na zitatundikwa dukani zimngoje mtoto wa mtu mwingine. Nunua msumeno wa chuma, ukate ukingo wa kila moja mahali pawili mpaka uachane kabisa, ndipo uziuze kwa kilo. Nitumie picha ukishamaliza.

Wako akupendaye,
Mama
Iringa