Kabla hamjaja Rufiji

Mloka, Rufiji

Shoga yangu mpenzi,

Salaam nyingi. Nimefurahi mno kusikia mnakuja na watoto kutembelea Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Umeniuliza habari za simba na viboko; hao mtawaona. Mimi wasiwasi wangu ni mbu, maana wanao wamekulia Arusha kwenye baridi na malaria kidogo. Hawana kinga ya watoto wa huku bondeni.

Masika yamekwisha, ila maji bado yamesimama kandokando ya mto. Mbu wa malaria huanza kuuma jua likizama, na haachi hadi alfajiri. Saa ninayoiogopa ni ile mnaporudi kutoka kwenye boti, mmekaa nje mkisubiri chakula, watoto na kaptula zao na kandambili. Mtu akiwa amekaa, mbu hao hupenda zaidi nyayo na vifundo vya miguu. Basi kabla ya magharibi wavishe suruali ndefu, soksi na mikono mirefu, palipobaki wazi uwapake dawa ya kufukuza mbu. Viganja viache, kwa kuwa watoto hujishika macho na midomo. Kama bado mna krimu ya jua, hiyo itangulie, dawa ya mbu ije juu yake. Moshi wa kambini msiutegemee, upepo ukigeuka tu umekwenda.

Mchana kuna mbung'o, yule nzi anayeuma. Huyo huuma hata juu ya nguo, hufukuza gari linalotembea, na dawa ya mbu haimsumbui sana. Anapenda buluu na nyeusi; hata mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Jinzi ziache nyumbani, leta kaki. Mkiingia vichakani fungeni vioo, joto mtalivumilia.

Na hili nakusihi sana, shoga: mkisharudi Arusha, mtoto akishikwa na homa baada ya wiki moja, au hata mwezi, usiseme ni mafua. Mpeleke akapimwe siku hiyohiyo, na umwambie daktari mlikuwa Rufiji. Usikimbilie kununua dawa mseto ya malaria bila kipimo.

Nijulishe siku ya basi nije kuwapokea. Vyandarua vyenye dawa ninavyo vya kutosha, msijitwishe mzigo. Msalimie shemeji na wanangu wote.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa Mloka