Mama, ukimya wangu ulikuwa wa simu

Leicester, Uingereza

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, alhamdulillahi. Najua ukimya wangu umekutia hofu, nisamehe. Simu ilizima ghafla, haikuwaka tena, na laini yangu haina kadi ya kuchomoa. Imo humo humo ndani.

Hela ya dawa haikuchelewa kwa kukosekana. Ilikuwemo benki, ila nikitaka kuingia kwenye akaunti kwa kompyuta, wananitumia namba za siri kwenye simu ileile iliyokufa. Tawi la mtaani kwetu lilishafungwa. Nilitaka walau nikupigie kwa simu ya jirani. Namba pekee niliyoikumbuka kwa kichwa ni ile ya marehemu Baba.

Kilichoninyima usingizi zaidi ni kibali. Unaikumbuka kadi yangu ya ukaazi? Kadi zile zilikoma mwisho wa Desemba 2024. Sasa kibali kiko kwenye intaneti. Mwajiri mpya akitaka kuhakikisha unaruhusiwa kufanya kazi, au mwenye nyumba kabla hajakupangisha, lazima uingie kwenye akaunti yako, utoe msimbo umpe. Kuingia kwenyewe kunataka namba zinazotumwa kwa simu au kwa barua pepe, na barua pepe yangu nayo ikataka niithibitishe kwa simu. Haki yangu ya kuishi hapa ilikuwepo, Mama, lakini sikuwa na cha kumwonyesha mtu. Kadi ungeitia kwenye mkoba, ukalala.

Nami ni kijana, nimenunua simu nyingine. Bibi mmoja ninayemhudumia ana kitochi tu, na hata maegesho ya hospitali mwanawe hulipia kwa programu. Asiye na mtoto afanyeje? Naona si haki hata kidogo kumfungia mzee mlango kwa sababu ya simu.

Huko nako hela zenu zote zimo kwenye laini. Tafadhali mwambie Mwanaidi aandike kwenye daftari namba zetu zote, ya Mjomba na ya duka la dawa pia, na akiba kidogo ya taslimu ikae ndani. Namba ya jirani yangu nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Hela nimetuma Ijumaa. Ikiwa haijafika, Mjomba apige kwa jirani, jioni, nikitoka zamu.

Mwanao akupendaye,
Zuhura