Wigi la "hakuna atakayejua" ambalo kila mtu alijua: barua ya malalamiko

Dodoma,
9 Juni 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: WIGI LILILOUZWA KWA MAELEZO YASIYO YA KWELI NA OMBI LA KURUDISHIWA FEDHA

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Mwezi Aprili nilinunua kwenu wigi la lesi ya mbele, yaani lenye wavu mwembamba ukingoni unaokaa juu ya paji la uso, kwa Sh. 850,000. Nililipa kwa simu na risiti nimeiambatanisha. Tangazo lililonishawishi lilisema: "Kwa walionyonyoka nywele. Nywele za binadamu asilimia 100. Hakuna atakayejua." Ni sentensi tatu fupi, na nimeshindwa kupata hata moja iliyo kweli.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nina alopesia areata, ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kushambulia mashina ya nywele. Hauambukizi wala hauui. Huanza kwa viraka. Kwangu umekomba kichwa kizima na nyusi juu yake. Nawaeleza haya kwa sababu niliyaeleza pia kabla sijalipa, kwa maandishi, na binti wenu wa WhatsApp akanijibu, "Usijali mpenzi, hili ni maalumu kwenu." Maongezi yote ninayo. (Hilo la "mpenzi" nalo mlitazame. Nina watoto wanaomzidi umri.)

Mlipojibu malalamiko yangu ya kwanza mliniandikia kwamba "wigi ni wigi, haliwezi kufanana na nywele zako kabisa." Hapo ndipo tunapotofautiana. Linaweza. Kwenye kliniki ya ngozi nilikaa benchi moja na mama mmoja, tukazungumza habari za nywele kwa muda mrefu, mimi nikizionea wivu zake, mpaka mwenyewe aliponiambia kwamba alizokuwa nazo kichwani ni za kununua. Zilikuwa fupi, za kipilipili, chache kidogo mbele, na zimechanganywa mvi mbili tatu upande wa sikio. Aliyezitengeneza alimtazama mteja wake kwanza. Kwa hiyo msinijibu tena kwamba ninadai kisichowezekana. Ninadai kile mlichokitangaza, na nimeshakiona kichwani kwa mtu.

Sasa la kwenu. Nywele za mtu hazioti zote mstari mmoja kama askari wa gwaride. Kwenye paji la uso zinaanza malaika, fupi na nyembamba, zimeachana, nyingine zimelala mbele, nyingine pembeni, kisha ndipo zinafuata zilizo nene. Fundi anayejua kazi hiyo hufunga unywele mmoja mmoja kwenye ukingo wa mbele, halafu huyapausha yale mafundo yasionekane kama vidoa vyeusi juu ya ngozi. Kwenye wigi mlilonitumia ukingo umenyooka kama umepigwa rula, nywele zimefungwa mafungu mafungu, na mafundo hayajaguswa. Ukinisogelea kwa mazungumzo ya kawaida unayaona yote. Lesi yenyewe mmeiita "ya uwazi." Kwa mwenye ngozi nyeupe pengine ni kweli. Kwenye paji langu ni utando wa kijivu. Msusi wangu ilibidi aichovye kwenye chai ya rangi iliyokolea ili angalau ikaribie weusi wangu. Ufundi huo wasusi wengi wanao, maana wanaouza mawigi kwa wanawake weusi hawajaona sababu ya kuagiza lesi ya kahawia.

Halafu wingi wa nywele zenyewe. Kadi iliyokuwa ndani ya boksi imeandikwa asilimia 200. Kwa vipimo vya biashara yenu, asilimia 130 au chini yake kidogo ndiyo inayokaribia kichwa cha kawaida. 200 inafaa kwa video na harusi. Mwanamke wa makamo asiye na nyusi, akiwa na nywele nene kiasi hicho, zimenyooka, zinang'aa na zinafika kiunoni, hahitaji kuulizwa kitu. Nilipouliza kama mna za kipilipili, fupi, niliambiwa hazina soko. Huenda hazina soko kwa wanaovaa wigi kwa kupenda na kulivua jioni. Sisi tuliopoteza nywele, kilichotupotea ni kipilipili. Ni hicho tunachokitafuta.

Tangazo lilisema pia kwamba wigi "linahimili upepo." Dodoma upepo tunao. Ukivuma, nywele za mbele zinainuka zote kwa mkupuo na ukingo wa lesi unabaki wazi. Ila wanafunzi wangu wa kidato cha pili hawakuhitaji upepo. Siku niliyoingia nalo darasani walikaa kimya, na kidato cha pili hakikai kimya bure.

Yote hayo, Ndugu Meneja, ningeweza kuyameza kama tofauti za ladha. Lililonifanya niandike barua hii ni kofia ya wigi. Ndani yake mmeshona vitana vinne vya waya: viwili kwenye panja, kimoja mbele, kimoja kisogoni. Kitana kazi yake ni kung'ata nywele zilizo chini. Mimi chini sina kitu. Vitana vinang'ata ngozi, na baada ya vipindi viwili vya asubuhi nilikuwa na michubuko juu ya masikio yote mawili, picha nimeziambatanisha. Aliyeshona wigi hilo alikuwa akimfikiria mwanamke mwenye nywele zake, aliyezisuka mistari na kutaka kubadilisha mwonekano wa wikendi. Hakuna ubaya wowote kumuuzia huyo. Wigi la aliyenyonyoka nywele ni kitu kingine: kofia laini isiyo na mishono ya kukwaruza, mkanda wa kulikaza au ukingo wa silikoni unaoshika ngozi tupu, na hakuna kitana hata kimoja. Vitu hivyo vipo viwandani, vinaagizwa kama mnavyoagiza haya mengine. Ninyi mmechukua wigi la urembo, mkabadilisha maneno ya tangazo, mkaongeza bei, mkatuletea sisi kwa kuwa mnajua tuna aibu ya kulalamika.

Suluhisho mlilonipa kwa simu lilikuwa gundi. Ngozi ya kichwa isiyo na nywele ni laini, na gundi yoyote inatakiwa ijaribiwe kwanza sehemu ndogo ya mwili, kwa mfano nyuma ya sikio au ndani ya mkono, isubiriwe angalau siku nzima kabla ya kupakwa kichwani. Binti wenu hakunitajia hilo. Alinitumia bei ya gundi.

Kuhusu "nywele za binadamu asilimia 100" sitasema mengi. Msusi wangu alichomoa nywele chache sehemu mbalimbali za wigi akazichoma kwa kiberiti mbele yangu. Nywele ya mtu huungua ikawa majivu yanayosagika vidoleni na hutoa harufu ya kuku anayebabuliwa. Ya kiwandani hujikunja, huyeyuka na kubaki kijidonge kigumu chenye harufu ya plastiki. Za juu zilitoa majivu. Za chini, zile zilizofunikwa, zilitoa vijidonge. Vipande vyote nimevitia kwenye bahasha na nitawakabidhi mkitaka. Mchanganyiko si haramu, wala nywele za kiwandani si haramu, na wengi wanazivaa kwa sababu ni nyepesi na bei yake ni nafuu. Haramu ni kuzitoza bei ya nyingine.

Nilipoomba kurudisha, mlinionyesha kanuni yenu: bidhaa iliyofunguliwa hairudishwi "kwa sababu za usafi." Naielewa, na kwa wigi lililovaliwa ina maana. Lakini vitana viko ndani ya kofia, kofia iko ndani ya boksi, na boksi mlilifunga kwa stika. Picha za kwenye ukurasa wenu zote zinaonyesha nywele kwa nje, kwenye taa za studio, kichwani kwa msichana mwenye nyusi zake na bila shaka nywele zake chini. Ningeviona vipi bila kufungua?

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja kuhusu aina, ubora na matumizi ya bidhaa. Mkisema ni nywele za binadamu tupu na sizo, na mkisema ni la walionyonyoka nywele na limejengwa kwa wenye nywele, sioni jina jingine la kuliita jambo hilo.

Naomba nirudishiwe Sh. 850,000 zote ndani ya siku 14 tangu mtakapopokea barua hii, kwa namba ileile niliyolipia. Sitapokea wigi jingine badala yake wala punguzo la manunuzi yajayo. Naomba pia maneno "kwa walionyonyoka nywele" yaondolewe kwenye bidhaa yoyote yenye vitana, na mkitaka kuyarudisha, basi mwandike waziwazi rangi ya lesi, asilimia ya ujazo na kilichomo ndani ya kofia, mweke na picha iliyopigwa juani bila kuchujwa, kichwani kwa mtu asiye na nywele. Wapo wengi watakaokubali kupigwa picha, mkiwalipa. Siku hizo zikipita kimya, nitayapeleka maongezi, picha, risiti na bahasha kwa Tume ya Ushindani.

Wigi limo ndani ya boksi lake, limeoshwa. Mtumeni mtu wa kulichukua kwa gharama zenu, siku ya kazi baada ya saa kumi jioni. Kabla ya hapo nakuwa darasani. Chai niliyoitaja hapo juu haikutoka kwenye lesi, kwa hiyo msije mkaniambia nimeharibu rangi.

Wenu,

(Saini)

Jina langu na namba ya simu vipo kwenye risiti.

Viambatanisho: risiti, maongezi ya WhatsApp, picha za wigi na za michubuko.